Dawa Iliyofanya Kazi Kiangazi

Wanangu mlioanza kazi ya maji juzijuzi, na ninyi ambao bado mnaisomea, kaeni nami kidogo. Mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Sindeni, na huko huko ndiko nilikorudi, napalilia mihogo yangu. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kwenye mtambo mdogo wa kusafisha maji wa shamba moja la mkonge, upande wa Korogwe. Sikuwa mkubwa wa mtu. Nilipima maji, nilichanganya dawa, niliosha machujio ya mchanga, niliandika daftari. Lakini kambi zote za wafanyakazi, na zahanati, na Wamasai walioleta ng'ombe wao kunywa kwenye birika la pembeni, wote walikunywa kilichopita mikononi mwangu.

Nataka kuwasimulia msimu mmoja tu. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, mnivumilie. Njia naijua, ila kufika ndiko kunakoniogopesha.

Niliyemkuta kwenye mtambo siku ya kwanza alikuwa Mzee Mbelwa, Mshambaa wa Lutindi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyeuendesha mtambo ule tangu shamba lilipochukuliwa na serikali. Mimi nilikuwa na cheti cha chuo na madaftari matatu yaliyojaa maandishi. Yeye hakuwa na cheti. Aliyatazama madaftari yangu, akaniuliza kama nimeshakunywa chai, akaniambia chai kwanza.

Wiki haikuisha nikawa nimeharibu. Alinipa kazi ya kupiga hesabu ya shabu, ile dawa ya kutuliza tope, nami nikaikosea nukta. Badala ya kiasi cha siku moja nikatia cha siku kumi. Maji yalitoka meupe kama kioo, nikajisifu moyoni. Kumbe shabu ikizidi maji huwa makali. Asubuhi akina mama wa kambi wakaja mtamboni, sufuria mikononi, na ndani ya kila sufuria chai ya maziwa imekatika, mabonge huku, maji huko.

"Nani ametufanyia hivi?" akauliza mmoja. "Maziwa yenyewe tumeyapata kwa shida!"

Nilifungua mdomo, lakini Mzee Mbelwa alitangulia. "Ni mimi, mama zangu. Uzee. Mkono umeteleza kwenye dawa. Mnisamehe."

Wakamcheka, wakamsema, wakaondoka. Aliponigeukia hakuwa amekasirika. "Nukta, mwanangu," akasema. "Nukta yako imehama nyumba." Kisha akanifundisha kuonja maji kwa ncha ya ulimi kabla ya kufungua vali kuu, na tangu siku ile sijawahi kufungua vali bila kuonja.

Hapo niwaeleze shabu inafanya nini, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata baadaye. Mto ukichafuka, kinachowasumbua si mchanga. Mchanga unatua wenyewe ukiuacha kwenye ndoo. Kinachoelea siku nzima ni udongo laini kuliko unga, na kila chembe yake imebeba chaji hasi. Chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo chembe hazikaribiani, na zisipokaribiana hazitui. Shabu ikiyeyuka inaachia alumini majini, na alumini ni ya chaji chanya, tena yenye nguvu. Inaushika udongo, inautuliza, chembe zinakumbatiana mpaka zinakuwa madonge yanayozama. Mimi niliyajua haya kwa kuyasoma. Mzee Mbelwa hakulijua neno chaji, lakini angeinamia bika, ile gilasi ya kupimia, atazame madonge yanavyozunguka, aseme, "Bado kidogo," au, "Umepitiliza," na ukipima unakuta ni kweli.

Alikuwa na mke, Mama Neema. Binti yao Neema alikuwa ameolewa Tanga, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili. Mama Neema alilima mchicha na nyanya nyuma ya nyumba yao ya kambi, na kwa kuwa mimi nilikuwa msichana ninayekaa peke yangu, kila Jumapili alinitumia mboga. Sikupika mboga ya kununua miaka minne. Mkitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, siku ile ya chai kukatika yeye ndiye pekee aliyegundua. Jioni alinipitia, akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu mkono wake hautelezi. Lakini usijali, kila mtu hukosea." Akanipa fungu la mchicha.

Sasa nije kwenye miaka yenyewe. Ilikuwa wakati mashirika ya umma yanauzwa, na redio haikosi neno mwekezaji. Korogwe mjini maduka yalijaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na wakati huo huo kila familia ilikuwa na mtu aliyepunguzwa kazini. Shamba letu nalo likauzwa. Akaja meneja mpya, kijana wa heshima, anayevaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la saa nane, na anayependa kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na juu yake kulikuwa na watu wenye haraka kuliko yeye.

Siku moja akaleta mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, na gari dogo lenye mifuko ya unga mweupe. Dawa mpya ya maji. Yule bwana akasema kijiko chake kimoja kinafanya kazi ya ndoo ya shabu. Alipokuwa akieleza, mfuko mmoja ulikuwa umepasuka na unga umemwagika sakafuni, na sakafu ya mtambo haikauki. Ule unga ukishika maji unateleza kuliko bamia. Bwana akapiga hatua moja, miguu ikaenda mbele, yeye akabaki nyuma, akakaa chini na suruali yake ya kitambaa kizuri. Nikaenda kumwinua, nami nikaenda chini. Mzee Mbelwa akatuletea majivu ya kumwaga sakafuni, na ndiyo dawa yake, msije mkamwagia maji, mtaongeza balaa. Tulicheka siku ile. Nimeikumbuka sana ile siku, kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyocheka mtamboni mwaka ule.

Unga wenyewe ulikuwa polima. Ndani yake mna nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho, na kwenye maji zinajinyoosha, zinakamata tope huku na huku kama nyavu. Kuuchanganya ni ufundi. Ukiumwaga wote kwa mpigo unafanya mabuje yasiyoyeyuka hata kesho. Unatakiwa uunyunyize polepole huku unakoroga, kama mama anavyonyunyiza unga wa uji. Hilo nililiweza siku ya kwanza, na kulijua kulinipa kichwa.

Meneja akasema nifanye jaribio na niandike ripoti. Ilikuwa kiangazi kikali, mto umebaki mfereji katikati ya mawe. Nilipanga bika sita, nikatia dawa mpya bila shabu hata punje. Wanangu, ilikuwa ajabu. Madonge makubwa, yanashuka kama yamefungiwa mawe, na juu maji yamebaki safi. Nilirudia siku tatu. Kila siku vile vile.

Siku ya tatu Mzee Mbelwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sabuni inatoa povu?" akauliza.

"Mzee, mimi napima tope. Sipimi sabuni."

"Nimeuliza tu."

"Haitoi. Ni kiangazi, maji magumu. Si unajua mwenyewe?"

Alikuwa na desturi ya kunawa kila asubuhi kwa maji mabichi ya mto na kipande cha sabuni ya mche, kabla maji hayajatiwa kitu. Mimi niliichukulia kama usafi wake tu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nauliza. Masika sabuni ile ile inatoa povu mpaka unashindwa kulisuuza. Maji ya mto huu si mamoja, Mwajuma. Iache dawa yao ikutane na masika kwanza, ndipo uandike."

Nikamwitikia ndiyo mzee. Moyoni nilisema, huyu anaogopa. Amezoea shabu yake, anaona vijana tumekuja na vitu vipya. Lebo ya mfuko niliisoma, ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na mojawapo lilisema kwamba polima ile ni ya chaji hasi. Nililiona neno hilo. Nakumbuka hata lilikuwa mstari wa ngapi. Tope lina chaji hasi, dawa ina chaji hasi, na mimi ni mtu niliyesoma kwamba hasi na hasi husukumana. Lakini bika zilikuwa mbele yangu na maji yalikuwa safi, sikuona sababu ya kujiuliza.

Niliandika ripoti kurasa mbili. Nikaeleza kwamba shabu haihitajiki tena. Na mwishoni, kwa kutaka kumfurahisha meneja, nikaongeza kwamba kwa dawa hii kazi ni nyepesi, hata mtu mmoja anaitosha. Nikatia saini.

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa ofisini wiki chache baadaye. Jina la Mzee Mbelwa lilikuwemo. Nilikwenda kwa meneja mbio. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Lakini wewe ndiye uliyeandika kwamba mtu mmoja anatosha," akasema.

Mzee hakunilaumu. Alikabidhi funguo, akanionyesha vali moja inayokwama na namna ya kuibembeleza, akaenda Magoma ambako alikuwa na kipande cha shamba la mpunga. Mama Neema alibaki kambini kumalizia bustani yake. Walipanga ahamie baada ya masika. Shabu iliyokuwa imesalia stoo ikachukuliwa, haikuagizwa nyingine.

Masika yakaingia. Mvua za Usambara zikashuka, mto ukajaa kwa siku mbili, ukawa mwekundu. Nikatia dawa mpya kwa kipimo cha ripoti yangu. Maji yakaingia mekundu kwenye tangi la kutuamia, yakatoka mekundu. Nikaongeza dawa. Yakazidi kuwa mabaya, na sasa yakawa na utelezi. Nikaongeza tena. Zile nyuzi zisizo na cha kushika zikaenda kukwama kwenye machujio, mchanga ukagandana kama umemwagiwa gundi, nikawa naosha machujio mara nne kwa siku na bado maji yanapita yana rangi ya chai. Nikatia klorini zaidi, nikijua wazi kwamba klorini kwenye maji ya tope inaishia kwenye tope.

Nilikwenda kwa meneja. "Watu waambiwe wachemshe maji," nikasema.

"Ripoti yako ilisema dawa inafaa," akajibu. "Nikitangaza leo kwamba maji ni mabaya, wenye kampuni watauliza nani alisema shabu iachwe. Nimeshaagiza shabu Tanga, njia ikipitika italetwa. Mvua zitapungua. Usitishe watu."

Mtu anaweza kusikia hapo kwamba alinikataza. Alinikataza, ndiyo. Lakini mimi sikuhitaji ruhusa ya kumwambia jirani yangu neno. Nilikaa kimya kwa sababu ya zile kurasa mbili. Kila nilipofikiri kusema, niliiona saini yangu.

Mama Neema alinikuta bombani. Alikuwa amekinga ndoo, anayatazama maji, ameinamisha shingo.

"Mwanangu Mwajuma, maji haya yana nini?"

Nilikuwa nimechoka, mikono yangu ina gundi mpaka viwiko. "Ni masika tu, mama," nikamwambia. "Rangi tu hiyo. Yana dawa."

"Yana dawa?"

"Yana dawa, mama. Kunywa tu."

Akashukuru, akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Jumamosi yake alikwenda Magoma kumwona mumewe, Jumatatu akarudi kwa sababu ya nyanya zake.

Ugonjwa ulianzia kambi ya chini. Kuharisha, kutapika, mtu anaishiwa nguvu kwa siku moja. Zahanati ikajaa, wengine wakapelekwa hospitali mjini. Wengi walipona. Wawili hawakupona. Mmoja alikuwa mzee wa kwenye korona, mashine ya kukwangua mkonge, mtu niliyemjua kwa sura. Wa pili alikuwa Mama Neema. Niliambiwa saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye chujio na koleo mkononi, na nikaendelea kukoroga mchanga, sijui kwa muda gani, mpaka mtu akaja akanishika mkono.

Alizikwa Lutindi, kwao. Tulikwenda na lori la shamba, mvua ikitunyeshea, barabara ya mlimani imekuwa tope tupu na mara mbili tulishuka tukasukuma. Mzee Mbelwa alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi. Neema alikuwa amekuja kutoka Tanga, analia kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia kwa mtu mwingine nageuka. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Sikuwa na ujasiri wa kumpa mkono.

Watu walipoanza kutawanyika yeye ndiye aliyenijia.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Maji bado yako vile?"

"Bado."

"Nitakuja kesho."

"Mzee, wewe una msiba."

"Na kambini kuna watu," akasema.

Kesho yake alikuja kweli, na suruali ile ile ya mazishi, matope ya Lutindi yamekaukia kwenye pindo. Alichota maji mabichi, akatoa kipande cha sabuni, akanawa. Povu likapanda mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Hebu niambie wewe uliyesoma," akasema. "Kiangazi haya maji yana kitu gani ambacho sasa hayana?"

"Ugumu," nikasema. "Yanakaa kwenye mawe muda mrefu, yanachukua kalsiamu. Masika ni maji ya mvua, yamepita mbio, hayana."

"Mimi jina lake silijui. Najua ndiyo inayoua povu. Na dawa yako ilikuwa inashika tope wakati povu limekufa. Sasa povu lipo, dawa haishiki."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Yote niliyoyasoma yalikuja kwa pamoja. Kalsiamu ina chaji chanya mbili. Inaweza kushika chembe ya udongo upande mmoja na uzi wa polima upande wa pili, ikaviunganisha vitu ambavyo vyenyewe kwa vyenyewe vinakimbiana. Kiangazi mto wenyewe ulikuwa unatuletea hicho kiungo bure, nami nikadhani ni uwezo wa dawa. Mvua ilipokiondoa, nyuzi hasi zikabaki zikisukumana na tope hasi, na kila kijiko nilichoongeza kiliongeza kusukumana.

"Chokaa," nikasema. "Mzee, stoo kuna chokaa."

Tulikuwa nayo mifuko kadhaa, ya kutia kidogo mwishoni ili maji yasile mabomba. Chokaa ni kalsiamu tupu. Tukapanga bika sita, dawa kiasi kile kile, kidogo tu, na chokaa ikipanda kutoka bika hadi bika. Ya kwanza ilibaki nyekundu. Ya pili vile vile. Ya tatu ikaanza kuonyesha punje. Ya nne tope lilikatika kama maziwa yanavyokatika, likashuka mbele ya macho yetu. Mzee akaiinamia, akasema, "Tusizidi hapo. Chokaa ikizidi, klorini inachoka." Hilo pia ni kweli, lipo vitabuni, lakini yeye alilijua kwa kunusa tu.

Mpaka saa kumi jioni maji yaliyotoka kwenye tangi yalikuwa yanaonyesha chini. Mzee akakaa siku mbili nyingine, tukabadilisha mchanga ulioganda, akanifundisha kuangalia madonge ya bika dirishani asubuhi jua likiwa upande. Tulizungumza kazi tu. Mara nyingi nilitaka kuanza, na kila mara alinipa koleo au ndoo. Shabu ilipofika kutoka Tanga yeye alikuwa ameshaondoka.

Nilichukua karatasi nikaandika kwa maandishi makubwa kwamba maji ya siku zilizopita hayakuwa salama, kila mtu amwage aliyoyahifadhi na achemshe atakayokinga wiki nzima. Nikaibandika bombani. Meneja aliing'oa. Nikabandika nyingine. Ya tatu hakuing'oa. Nikaandika na ripoti mpya, kurasa nne safari hii, nikaeleza jaribio nililifanya lini na kosa langu ni lipi. Aliisoma akiwa amesimama, akauliza ya nini sasa wakati maji yameshakuwa safi, akaiweka kwenye droo. Sijui kama iliwahi kutoka.

Wanangu, ningeweza kuishia hapo nikawaambia pimeni maji ya misimu yote, someni lebo, naweni kwa sabuni. Fanyeni hivyo, ni kazi nzuri. Lakini kosa la bika nilisamehewa na nafsi yangu miaka mingi iliyopita. Kila mtu hukosea. Lililokataa kuondoka ni lile neno la bombani.

Kiangazi kilipofika nikaenda Magoma. Nilimkuta Mzee Mbelwa kwenye mfereji wa mpunga, anatoa matope, amekonda. Alifurahi kuniona, akataka kwenda kunitafutia chai. Nikamwambia sitakunywa chai mpaka niseme jambo langu. Nikamweleza lote, nimesimama juani: kwamba Mama Neema aliniuliza, kwamba nilijua maji si salama, kwamba nilimwambia yana dawa, kunywa tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliegemeza jembe kwenye ukingo wa mfereji, akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Aliniambia, ile Jumamosi aliyokuja huku. Alisema maji yamechafuka sana, hana imani nayo, anafikiri ayachemshe. Kuni zilikuwa zimelowa zote. Alisema, lakini Mwajuma ameniambia yana dawa. Akaniuliza, wewe unaonaje?"

Maji ya mfereji yalikuwa yamepata njia, yanapita kidogokidogo kati ya miguu yake.

"Nikamwambia, akisema yeye, kunywa. Nimemfundisha mwenyewe."

Hakusema amenisamehe, na miaka yote niliyomtembelea baada ya hapo, mpaka naye tulipompeleka Lutindi, hakuwahi kulisema, wala mimi sikumwomba aseme. Siku ile nilikaa ukingoni kando yake. Halafu akainuka, akanipa jembe, yeye akachukua koleo, tukazibua mfereji kwa pamoja mpaka maji yakafika shamba la jirani.